Vichekesho vya wanasiasa na mastaa wa filamu: nani hasa anachekwa?

Kuna zile stori fupifupi za wanasiasa na watu wa filamu, mheshimiwa kaulizwa hivi akajibu vile ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na tunavyozisambaza utadhani tumemchungulia mkubwa dirishani tukamkuta na taulo. Wapo wanaosema ni nzuri maana zinamshusha mkubwa akae chini na sisi, wengine wanasema zinamtakatisha tu, mtu ukishamcheka hata hasira naye zinaisha. Wote wana pointi ila mi huwa naanza na swali moja, hicho kichekesho nani kakitoa?

Mchukue Ronald Reagan, aliigiza filamu miaka kibao kabla ya kuwa rais wa Marekani kwa hiyo anaingia pande zote mbili. Tarehe 11 Agosti 1984 alikuwa anajaribu maiki kabla ya hotuba ya redio, akatania eti kasaini sheria ya kuipiga marufuku Urusi milele na mabomu yanaanza baada ya dakika tano. Haikwenda hewani lakini ikavuja, Moscow wakachukia kwelikweli, na hata huko kwao kuna walioanza kujiuliza kama mzee yuko sawa. Ule ndo utani wa mtu anayejua yuko na wenzake tu, na ulimchafua.

Oktoba 21 mwaka huohuo, mdahalo wa pili wa urais na mpinzani wake Walter Mondale, Kansas City. Reagan ana miaka 73, mdahalo wa kwanza alionekana kachoka na anababaika, kwa hiyo umri wake ndo ilikuwa habari ya mjini. Mwandishi Henry Trewhitt akamuuliza kistaarabu tu, kwamba Rais Kennedy kwenye mgogoro wa makombora ya Cuba alikaa siku kadhaa karibu bila usingizi, je wewe utaweza? Reagan akajibu hana wasiwasi kabisa, afu akaongeza kwamba hataki kuufanya umri kuwa suala la kampeni, yeye hatatumia ujana na uzoefu mdogo wa mpinzani wake kujitafutia kura. Mpinzani mwenyewe ana miaka 56 na keshawahi kuwa makamu wa rais! Watu hoi, Mondale naye anacheka, na Reagan akachukua glasi akanywa maji taratibu, itafute ile video uone, hapo ndo unamwona mwigizaji yuko kazini, anawaachia watu wacheke mpaka wamalize. Trewhitt akatania kidogo akahamia swali lingine. Mondale alikuja kusema baadaye kwamba usiku ule alijua kampeni imeishia pale, na kweli, Reagan alibeba majimbo 49 kati ya 50.

Wanaomtetea watasema kichwa kilichochoka hakiwezi kutoa mstari kama ule tena mbele ya mamilioni ya watu, na hiyo nawapa, ujasiri ule si wa kila mtu. Ila mstari mmoja mtaalamu wa mistari anaumudu hata akiwa na homa, na swali la Trewhitt mpaka leo halijajibiwa, lilizama kwenye kicheko na aliyelizamisha ndiye aliyeulizwa.

Arnold Schwarzenegger, naye staa wa filamu, ni tofauti kidogo. Mwaka 2009 akiwa gavana wa California aliandika barua ya kukataa mswada, barua rasmi kabisa, ila ukishuka na herufi ya kwanza ya kila mstari pembeni unapata tusi zito la Kiingereza. Mbunge mwenye mswada alikuwa amemzomea hadharani siku chache nyuma. Ofisi ikasema herufi zimegongana zenyewe tu, haya. Hiki kichekesho mi nakipenda maana kinatuonyesha mtu mzima mwenye madaraka akinuna, kitu ambacho taarifa kwa vyombo vya habari haiwezi kukwambia hata siku moja.

Upande wa filamu wenyewe uongo ni mwingi zaidi ila hasara ndogo. Produza Samuel Goldwyn, mzaliwa wa Warsaw, Kiingereza hakuzaliwa nacho, ndo anayetajwa kusema mkataba wa mdomo hauna thamani hata ya karatasi ulioandikiwa. Inaelezwa alikuwa anamsifia mwenzake Joseph Schenck, kwamba ahadi yake ya mdomo inazidi karatasi, watu wakaigeuza ikawa ujinga. Na zake nyingine nyingi zilitungwa na watu wa matangazo, jina likitajwa limetajwa.

Anayenichanganya ni Joseph Estrada wa Ufilipino, staa wa filamu aliyeingia siasa. Vichekesho kuhusu Kiingereza chake kibovu vilijaa nchi nzima, hadi kikatoka kitabu kizima cha vichekesho hivyo, na yeye wala hakushtaki mtu, alicheka nao. Wasomi walidhani wanammaliza kumbe wanampigia debe, maana mtu wa kawaida ambaye naye huchekwa akiongea Kiingereza alikuwa anaona tunachekwa wote. Mwaka 1998 akashinda urais kwa karibu asilimia 40 ya kura wakati wagombea walikuwa lundo na wa pili wake hakufika hata nusu ya hapo. Ila utani huohuo ukamgeukia, kesi ya rushwa ilipokwama kwenye seneti Januari 2001 watu walikuwa wanatumiana meseji za kumkejeli na za kuitana barabarani, na siku chache tu akaondoka ikulu. 2007 akatiwa hatiani kwa uporaji wa mali ya umma, akasamehewa mwaka huohuo.

Ungesema basi, kicheko kimefanya kazi yake. Mwaka 2013 jamaa akachaguliwa meya wa Manila, 2016 akarudi tena, na alipokuja kuangushwa 2019 aliyemwangusha ni Isko Moreno, naye mwigizaji wa zamani.