Jangwa nalo hupigiwa hodi

Jiwe lenyewe halizidi kokwa ya embe, jekundu kama tofali lililolowa maji. Binamu yangu alilifungua kutoka kwenye kitambaa sebuleni kwao Kibokoni, akaliweka mezani kando ya birika la kahawa. Amelitoa Sedona, kwenye majabali ya Arizona huko Marekani. Anasema siku aliyoketi juu ya mwamba kule, huzuni ya msiba aliyokaa nayo miaka miwili ilimtoka kifuani. Shangazi akaligusa kwa ncha ya kidole, akauliza: "Mwanangu, uliliomba kwa nani?"

Swali hilo limenikaa tangu siku hiyo, kwa sababu kila nikisikia watu wakibishana juu ya safari hizi za kwenda jangwani kutafuta utulivu wa roho, hubishana kama jangwa lina nguvu au halina. Mimi naona ubishi wenyewe umeanzia pasipo pake.

Sisi wa Mombasa hatuwezi kulishangaa jambo hili. Mnara wa Mbaraki umesimama tangu karne ya 18, na wapo wanaopeleka marashi na ubani kwa mzimu unaoaminiwa kukaa ndani yake. Hata tukienda misikitini na makanisani, jangwa limo katika yale tuliyofundishwa. Musa aliitwa akiwa Sinai, Yesu alifunga siku 40 nyikani, Mtume alikuwa akijitenga katika pango la Hira, na Makka yenyewe Qurani inaitaja kuwa bonde lisilo na mimea. Kwenda mahali pakavu kutafuta uwazi wa moyo si uzushi wa watalii.

Lakini biashara ya Sedona ina historia yake. Habari za "vorteksi", yaani mahali ambapo nguvu za ardhi huzunguka na kupanda juu, zilienezwa miaka ya 1980 na mwanamke aliyejitambulisha kuwa na kipawa cha kuona yasiyoonekana, Page Bryant. Agosti 1987 maelfu walimiminika huko wakingoja zama mpya. Waongozaji huonyesha miti ya mireteni iliyopindapinda kama ushahidi. Wekundu wa miamba unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga, na hakuna kipimo cha sayansi kilichothibitisha hizo vorteksi.

Je, hilo linamjibu binamu yangu? Sidhani. Niliwahi kusimama ukingoni mwa Nyari, kule Marafa bara ya Malindi, jua likizama. Si jangwa, ni korongo lililochimbwa na mvua na upepo, lakini ukitazama chini unaona minara ya udongo mweupe, wa waridi na wa kahawia, na joto bado linapanda usoni kama umefunua chungu. Mwongozaji alitusimulia habari za matajiri waliokuwa wakioga maziwa hadi Mungu akawadidimiza. Alipomaliza, hakuna aliyesema neno. Mtu anayeishi na honi za matatu na king'ora cha feri ya Likoni, akipata nusu saa ya kimya cha namna ile, mwili wake utajua. Akikiita kimya hicho nguvu, simlaumu. Ninayemlaumu ni anayemwambia kwamba nguvu hiyo imo ndani ya mwamba na yeye ndiye mwenye ufunguo. Oktoba 2009, karibu na Sedona, James Arthur Ray, mwalimu wa mafunzo ya kujiendeleza, aliwaingiza watu waliomlipa ndani ya hema la mvuke wakitafuta utakaso. Watatu walikufa, na mwaka 2011 mahakama ikamtia hatiani.

Masheikh wetu wana hoja nzito zaidi: kutaka baraka kwa jiwe ni njia ya shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Hutaja hadithi ya Al-Hijr, makao ya Thamudi, kaumu iliyoangamizwa, jangwani Arabuni, ambapo Mtume aliwaambia maswahaba wasiingie ila wakiwa wanalia. Leo Saudia imefungua viza ya utalii, tangu 2019, na watu wanapiga picha pale pale. Wapo wanaoifanya hadithi hiyo katazo tupu. Mimi naisoma pia kama adabu ya kuingia: mahali palipobeba habari za watu hapaingiwi kama sokoni.

Na hapo ndipo swali la shangazi lilipo. Korongo la Boynton, mojawapo ya hizo "vorteksi", kwa Wayavapai, wenyeji wa asili wa pale, ni mahali walipochimbukia. Februari 1875 jeshi la Marekani liliwaswaga wao na Waapache kwa miguu, baridi kali, hadi San Carlos, eneo walilotengewa. Miaka mia baadaye wageni wakaja kugundua kwamba pana roho. Australia walichelewa, lakini walisikia: Waanangu, wenyeji wa asili, walirudishiwa mwamba wao wa Uluru mwaka 1985, na tangu Oktoba 26, 2019 hakuna anayeruhusiwa kuupanda. Wahifadhi wa pale hupokea kwa posta vifurushi vya mawe yaliyochukuliwa pale, kutoka kwa watu waliopatwa na mikosi, na barua za kuomba radhi.

Kwetu, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu kule Kwale, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na hutoki na hata jani. Wapo wanaosema wazee nao wanauza, kwa kuwa kuna kiingilio. Hoja hiyo siipuuzi; fedha inaweza kugeuza mwiko ukawa maonyesho. Hata hivyo, mwenye mahali akipata riziki huku neno la mwisho likiwa lake, hilo nalikubali kuliko msitu kukatwa, na kuliko mgeni kuuza kisicho chake. Ukimpigia hodi mwenyewe, akasema karibu, kaa ulie, kaa uswali, kaa kimya. Akisema hapana, rudi.

Binamu yangu anasafiri Alhamisi. Jiwe amelifunga tena kwenye kitambaa, safari hii akalitia mkoba wa mkononi asije akalisahau. Shangazi hakumwambia alirudishe.