Siku Bi Mkubwa Alipokufa

Nyumbani kwetu Tegeta tuna kuku wanane, matetea saba na jogoo mmoja, na wote wana majina, jambo ambalo majirani wanaliona kuwa ni ishara ya mtu aliyeshindwa maisha, kwa kuwa kuku akishapewa jina hachinjiki tena. Kishingo alipata lake kwa sababu shingo yake haina manyoya. Karani hudonoa punje moja moja, kama anayehakiki stoo. Tetea mnene mwekundu, ambaye hutembea polepole huku wenzake wakimpisha, watoto walimwita Bi Mkubwa, wakidai kwamba mwendo wake ni ule ule wa bibi yao wa Tanga. Nilicheka, nikaliacha jina lipite, ingawa ukoo mzima unajua kwamba Bi Mkubwa ni mama yangu mzazi.

Tangu tuwanunue, kuku hao walikuwa wakishinda bandani kwenye sakafu ya saruji. Januari ilipofika na joto la kaskazi likapamba moto, niliwaonea huruma. Kuku hatoki jasho; hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na kuyaachia mabawa yake yaning'inie, na wangu walikuwa wakihema tangu asubuhi kama waliokimbizwa. Basi Ijumaa moja niliwafungulia wakatembee chini ya mwarobaini, nikaingia ndani kunywa chai.

Nilipochungulia dirishani saa tatu, niliona mizoga mitano, au tuseme maiti tano, kwa heshima ya majina yao. Walikuwa wamelala ubavu juani, miguu imenyooka, mabawa yamefunguka, macho yamefumba, na Bi Mkubwa alikuwa amepinda shingo kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa kiumbe mwenye uhai. Neno moja tu lilinijia kichwani: mdondo. Ugonjwa huo ukiingia bandani hufagia, na moja ya dalili zake ni hiyo hiyo ya kupinda shingo. Chanjo yake ni tone moja tu la jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu, nami nilikuwa nimepitiliza kwa wiki mbili kwa sababu ya uvivu ambao sikuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Nilimpigia bwana mifugo, akanionya nisiguse chochote mpaka afike. Kisha nilimwandikia mke wangu kazini: «Bi Mkubwa amekufa. Wengine wanne wako hoi. Rudi haraka.»

Bwana mifugo alifika kwa bodaboda baada ya dakika ishirini. Alisimama kimya, akawatazama marehemu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Aliokota kijiwe akakitupa karibu na Bi Mkubwa, naye akainuka kwa ghadhabu na kujikung'uta, wingu la vumbi likatufunika sote wawili.

«Wanaoga,» alisema.

Akanieleza, kwa upole ambao watu huutumia kwa wagonjwa, kwamba kuku hujigaragaza vumbini ili kuondoa chawa na utitiri, kisha hujinyoosha na kuota jua, na kwamba wangu, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuliona vumbi maishani mwao, walikuwa wamezidisha kidogo. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, aliwachanja wote, akachukua malipo yake pamoja na nauli, akaondoka akitikisa mabega. Kwa furaha niliyokuwa nayo, ujumbe ule niliusahau kabisa.

Mke wangu hakuusoma. Simu yake ilikuwa mezani ikichajiwa, yeye akiwa kwenye kikao, na aliyeuona ukijitokeza kwenye kioo ni mwenzake wa ofisini, mama mwenye huruma nyingi na sauti kubwa. Mama huyo alimwita nje, akamkumbatia, akamwambia kwamba mama mkwe amefariki na watu wengine wanne wako mahututi. Mke wangu alilia. Akampigia dada yangu, naye akalia. Dada akaupigia ukoo.

Saa tano kasoro, gari dogo lilisimama getini, wakashuka wanawake sita waliojitanda khanga, wakiwa na kilo kumi za mchele na bahasha ya michango, huku jirani wa upande wa pili, aliyesikia vilio, akivusha viti vya plastiki juu ya ukuta. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetangulia kuwapokea wageni getini, akifuatwa na Karani, aliyeuona mchele. Mke wangu alimtazama kuku, akanitazama mimi, akaacha kulia. Ningependelea angeendelea.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa Bi Mkubwa wa Tanga.

«Mwanangu, huku nyumbani watu wameanza kujaa. Wanasema nimekufa. Nimekufa na nini?»

Nilitafuta neno la kusema, nikapata moja tu.

«Ulikuwa unaoga, mama.»

Kesho yake, Jumamosi, alishuka kwenye basi la asubuhi, na kabla hata ya kupokea maji ya kunywa aliomba aonyeshwe kaburi lake. Watoto walimshika mkono, wakampeleka nyuma ya nyumba, wakamwonyesha tetea mwekundu aliyekuwa akivuka uwanja taratibu. Mama alimtazama kuanzia kwenye upanga hadi kwenye kucha.

«Mimi si mnene hivyo,» alisema.