Dini Changa Zenye Majina ya Kale

Kiswahili hakina neno la heshima la kumtaja mtu anayeabudu miungu mingi. Ukimwita mshirikina, umekwisha kumhukumu kabla hujamsikiliza, kwa sababu neno hilo limetoka katika Kiarabu cha tauhidi, ambamo kumshirikisha Mungu ni dhambi, na katika mazungumzo ya kila siku hubeba pia harufu ya uganga na hirizi. Ukimwita mpagani, umechukua neno la Kilatini lililomaanisha mtu wa shamba, ambalo Wakristo wa Dola la Roma walilibandika kwa yeyote aliyebaki nje ya kanisa. Hata sarufi imechagua upande wake: Mungu akiwa mmoja huheshimiwa kwa upatanisho wa viumbe hai, lakini wakizidi mmoja tunasema “miungu mingine”, kama tunavyosema miti mingine. Nitatumia neno wapagani katika makala haya kwa kuwa wengi wa wanaohusika wamelikubali, na baadhi yao hulivaa kwa fahari.

Dai langu ni kwamba dini za wapagani wa leo wa Ulaya, zinazoitwa za kale, ni changa, kwamba nyingi zilipata umbo lake katika karne ya 20, na kwamba wafuasi wake hawana sababu ya kuuonea haya uchanga huo. Wanaojisumbua kuthibitisha ukale wake ndio wanaoziharibu.

Tuanze na Iceland. Mnamo mwaka 1000 hivi, baraza la Althing lilikutana Þingvellir huku nchi ikikaribia kugawanyika kati ya Wakristo na wapagani. Msemaji wa sheria, Þorgeir, ambaye mwenyewe alikuwa mpagani, alijifunika joho lake akalala mchana kutwa na usiku kucha bila kutamka neno. Alipoinuka alitoa uamuzi kwamba watu wote wabatizwe, lakini anayetaka kutambika kwa siri aachwe, na ulaji wa nyama ya farasi uendelee. Masharti hayo yanafundisha mengi, kwani kilichobishaniwa kilikuwa sheria, chakula na tambiko, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake kama anaamini kweli kwamba Thor, mungu wa radi, yupo. Watu wa zama hizo waliiita dini yao kwa neno lenye maana ya desturi. Jina Ásatrú, yaani imani kwa miungu ya ukoo wa Æsir, lilibuniwa katika karne ya 19, na ndani yake mna neno “imani”, ambalo mababu hao wala hawakulihitaji.

Jina hilo ndilo lililochukuliwa mwaka 1972, pale mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake walipoanzisha chama cha kidini kilichotambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Inasimuliwa kwamba muda mfupi baada ya kumwona waziri aliyehusika, radi ilipiga na umeme ukakatika jijini Reykjavík. Wenye kumpenda Thor hawajachoka kuirudia hadithi hiyo.

Walirithi nini hasa? Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu miungu ya Kaskazini mwa Ulaya imepitia mikononi mwa Wakristo, na mashuhuri kati yao ni Snorri Sturluson, aliyeandika mnamo 1220, zaidi ya miaka 200 baada ya ubatizo ule. Ametuachia majina, vita, mizaha na nasaba, lakini kuhusu namna tambiko lilivyoendeshwa, hatua baada ya hatua, ametuachia kidogo mno. Ni sawa na kupewa orodha ya wageni wa harusi bila kuelezwa ndoa yenyewe ilifungwaje. Kwa hiyo katika tambiko lao la leo beti za Edda, yaani mashairi ya kale ya Iceland kuhusu miungu hao, husomwa, pembe yenye kinywaji hupitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja hunena neno na kunywa, kisha watu hula pamoja. Mnyama hachinjwi. Mpenda ukale anaweza kulalamika kwamba hayo si ya kale, na ni kweli, lakini mimi naona wamefanya jambo la busara: wameanza na kitendo, na kitendo kinachorudiwa ndicho kinachozaa mila.

Uingereza walianza na hadithi. Sheria iliyohusu uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu akidai kuwa alikuta kundi la watu walioendeleza dini ya kabla ya Ukristo. Aliegemea nadharia ya Margaret Murray ya mwaka 1921, kwamba watu waliochomwa kwa uchawi Ulaya walikuwa wafuasi wa dini hiyo iliyojificha. Wanahistoria waliochunguza mashauri hayo wameikataa. Mwaka 1999 mwanahistoria Ronald Hutton alionyesha kwa kina, tena bila kejeli, jinsi Wicca, yaani dini hiyo ya Gardner, ilivyofumwa kutokana na ushairi, vyama vya siri na fikra za karne mbili zilizopita. Dini hiyo haikufa. Wafuasi wengi waliusoma utafiti huo, wakaukubali, wakaendelea kusherehekea mwezi mpevu kama kawaida.

Mambo yanayonikera ni ya wale waliohamisha ukale kutoka kwenye vitabu wakauingiza kwenye damu. Barani Ulaya na Marekani yapo makundi yanayofundisha kwamba miungu ya Kaskazini ni mali ya watu weupe peke yao. Hao hawaijui dini ya kale hata kidogo, kwa maana miungu ya kale ilikuwa misafiri mikubwa. Isis, mungu wa kike wa Misri, alikuwa na hekalu Pompeii, mji wa Italia. Mwaka 204 kabla ya Kristo, Roma ikiwa vitani na Hannibal, jemadari wa Karthago, serikali yake ilituma wajumbe Asia Ndogo kumleta mungu mama Cybele, wakarudi na jiwe jeusi ndani ya merikebu, likapokelewa kwa heshima zote za taifa. Hakuna aliyeliuliza jiwe hilo ukoo wake.

Mwaka 2015, chama kile cha Iceland kilipokuwa kinaanza kujenga hekalu lake Reykjavík, kilipokea barua za matusi. Hazikutoka kwa Wakristo. Ziliandikwa na wapagani wa nchi nyingine, waliokasirika kwa kuwa chama hicho hufungisha ndoa za watu wa jinsia moja, na waliojiona wana haki ya kuwafundisha wazawa wa nchi ya Edda miungu yao inataka nini.