Soya haichaguliwi kwa ukubwa wa punje

Masika yakikaribia huku kwetu Malindi, toka Gede mpaka Marafa, utaona watu na nyuteo wanachambua mbegu, punje nono huku, ndogo zinaenda chunguni. Kwa kunde tumezoea hivo toka kwa mabibi, lakini sasa anayejaribu soya naye anaichagua vivo hivo, na hapo mie nakataa kabisa.

Manake ukipanda punje nono utavuna nono, hilo kweli, ukubwa wa mbegu unarithiwa vizuri sana. Mavuno ni mambo mengine! Mavuno yanaendeshwa na jeni, yaani chembe za urithi, chungu nzima, kila moja na mchango wake mdogo, halafu mvua na udongo vinaingilia, kwa hivo ule mche ulojaa maganda pengine uliangukia tu penye samadi. Na mmea wa punje kubwa mara nyingi huzaa punje chache, ukipima mizani huoni faida.

Watafiti wenyewe hawauamini mche mmoja. Soya hujichavusha hata ua halijafunguka, kwa hivo kuchanganya aina mbili ni kazi ya mkono, unafungua ua changa kwa kibanio unatia chavua ya baba. Punje itayotoka itavaa ngozi ya mama, sababu ngozi ya mbegu ni mwili wa mama, sasa rangi yake haikwambii kitu kuhusu baba. Kizazi cha kwanza kinakuwa sare, cha pili ndo kila mmoja na lake, warefu, wafupi, wa mapema, wa kuchelewa, halafu mchanganyiko wa jeni za baba na mama ndani ya kila mche unapungua nusu kila kizazi, 50% cha pili, 25% cha tatu, mpaka cha tano ni kama 6%. Hapo ndo wanapima mavuno sawasawa, tena kwa mistari mizima ya miche ya ukoo mmoja na sehemu mbalimbali.

Na pwani kuna hili la joto na unyevu. Soya ikikaa hivo inapoteza uotaji haraka, na punje kubwa ndo hufa mbele! Yaani mtu anajichagulia mbegu zisizoota.

Mie nataka aina mpya zipimwe hapa hapa, Jilore, Magarini, zisiletwe tu zimeshahukumiwa bara kwenye baridi. Na wewe jamaa yangu kabla hujalima, tia punje 100 kwenye kitambaa kibichi uhesabu zilizoota, kubwa kitambaa chao, ndogo nazo chao.