Kabla ya kulipa akademi, hesabu karo ya mwezi wa tano

Mwaka ukikaribia kwisha, mazungumzo ya Lamu, yawe ya barazani au ya jikoni, huwa ni hayo kwa hayo: mwana anaingia Gredi ya kwanza, tumpeleke wapi? Akademi ya kulipia au shule ya serikali? Jawabu hutolewa mbio mbio, kwa uzuri wa sare, kwa Kiingereza cha mtoto wa jirani, na kwa kuogopa watu watasema nini. Binti yangu anaanza Gredi ya kwanza Januari, na maoni yangu wifi zangu hawayapendi. Kwa nyumba nyingi za kisiwa hiki, kabla ya kuuliza shule ipi nzuri, tuulizane kwanza karo ya muhula wa pili itatoka wapi.

Muhula wa kwanza haumtishi mtu. Januari ni kaskazi. Bahari imelala, wavuvi wanatoka, wageni wamejaa Shela, mwenye mashua ana kazi, mkaanga samaki ana kazi, mwenye punda wa kubeba mawe na saruji naye ana kazi. Mzazi anaingia ofisini kwa akademi akiwa na noti mfukoni, anaoneshwa bembea zilizopakwa rangi na chumba cha kompyuta, anatajiwa kiasi, analipa. Sasa ngoja shule zifunguliwe mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Kusi limeshaingia, masika yanamwaga, mashua ndogo haithubutu kuvuka mwamba, nyumba za wageni zimefunga milango na vijana waliokuwa wakifanya kazi humo wamerudi kukaa barazani. Karatasi ya karo haikupungua hata shilingi. Na siilaumu shule: mwalimu wake naye anataka kula mwezi wa tano.

Kinachofuata hakuna mtaa ambao haukijui. Mwana anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Anakaa siku kadhaa, linapatikana fungu, anarudi darasani, anarudishwa tena kwa salio. Ifikapo Agosti mzazi amechoka kupiga simu za kuomba muda, na mwana anahamishiwa shule ya serikali mwaka ukiwa katikati. Anakuta mwalimu hamjui, wenzake wameshakaa makundi makundi, na somo limefika mahali ambapo yeye hakupapitia. Mtoto wa miaka sita ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi. Kinachomsaidia katika umri huo ni kuwa darasani kila siku, mbele ya mtu mmoja anayejua jana aliishia wapi. Akikaa nyumbani wiki mbili za silabi, chumba cha kompyuta hakitamrudishia.

Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, mwalimu au muuguzi au karani, hesabu yake ni nyingine. Yeye Mei na Januari kwake ni sawa. (Wa kaunti, mnaocheleweshewa mishahara, najua mtacheka hapa.) Mimi nasema na sisi tunaoishi kwa upepo.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri naipigia debe shule ya serikali. Matatizo yake yanajulikana na yana sababu. Serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya msingi Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja nchi nzima ndani ya mwaka huo, na madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na akademi zikaota kila mji. Fedha ambazo serikali imekuwa ikipangia shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Zigawe kwa siku za mwaka: hazifiki shilingi nne. Halafu hizo nazo huja kwa mafungu, na mara nyingi kwa kuchelewa. Ndiyo maana unaambiwa shule ni ya bure kisha unaitwa mkutano wa wazazi kuchanga pesa za mlinzi, za karatasi za mtihani, na za mwalimu aliyeajiriwa na bodi kwa sababu walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hawatoshi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtoza mtoto karo katika shule ya umma, lakini michango ina majina mengi. Kwa hiyo anayechagua serikali naye apange bajeti. Ataokoa pesa nyingi, ila asidhani ataokoa zote.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Chekechea ya serikali, yaani PP1 na PP2, iko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Gredi ya kwanza na kuendelea iko chini ya serikali kuu, na mwalimu wake ni wa TSC. Madarasa yanaweza kuwa kwenye kiwanja kimoja, mlango kwa mlango, lakini waajiri ni wawili na mifuko ni miwili. Nimewasikia akina mama wakisema shule fulani ni mbovu kwa sababu PP2 yake haikuwa na mwalimu muda mrefu, wengine wakiisifu kwa sababu ya mwalimu mmoja mpole wa PP1. Hukumu zote mbili hazikwambii lolote kuhusu atakayemfundisha mwanao kusoma Januari. Nenda ukamwone huyo mwenyewe.

Na akademi nayo ukaiulize hivyohivyo. Walimu wengi wa shule za kibinafsi ni vijana waliomaliza chuo cha ualimu na wanangoja kuajiriwa na TSC. Wana bidii, wana nguvu, na siku jina likitoka wanaaga. Simlaumu kijana kwa kufuata kazi ya kudumu yenye pensheni. Lakini mtoto wako anaweza kuanza na mwalimu mmoja na kumaliza mwaka na wa tatu, na wewe umelipa ileile. Upande wa serikali ugonjwa uko ila sura yake ni nyingine: mwalimu anapangiwa Lamu kutoka bara, anafika, anaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Wapo waliokaa wakaoa hapa, wakawa watu wetu. Wapo ambao hata mwaka hawakumaliza, hasa baada ya mashambulizi ya 2014 huko Mpeketoni, upande wa nchi kavu wa kaunti yetu, yaliyolifanya jina la Lamu liwatishe watu ambao hawajawahi kukanyaga kisiwani. Mwalimu aliyekaa shule moja muda mrefu, awe wa serikali au wa akademi, kwangu ana thamani kuliko jengo lolote.

Hapo ndipo ninapofika kwenye maoni yangu yenyewe, yale ya kugombana. Desturi yetu ni kumwanzisha mwana serikalini, na akifika darasa la tano au la sita tunajikamua kumtia akademi ili ajiandae na mtihani. Desturi hiyo ilikuwa na maana zamani za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alama zilipokuwa ndizo zinazoamua shule ya upili. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi mtoto hufanya tathmini Gredi ya sita na kuendelea na sekondari ya chini, na tangu 2023 madarasa hayo yapo ndani ya shule za msingi zenyewe. Ule mlango tuliokuwa tukiukimbilia umehamishwa, lakini sisi bado tunakimbia kule kule.

Kama una pesa za miaka mitatu tu, basi mimi naona uzitie Gredi ya kwanza hadi ya tatu. Tathmini za mradi uitwao Uwezo, zinazowafuata watoto majumbani badala ya kungoja takwimu za shule, zimekuwa zikionyesha tangu 2010 kwamba watoto wengi hufika darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Ukishapita hapo hujui kusoma, kila somo linakuwa giza, na akademi ya darasa la sita itakuja kufundisha nini? Watoto wa akademi hufanya vizuri zaidi kwa wastani, hilo ni kweli, ingawa sehemu ya tofauti hiyo inatoka nyumbani: mzazi anayeweza karo mara nyingi ndiye mwenye vitabu na muda pia. Basi kama shule ya serikali iliyo karibu nawe ina darasa lililofurika, na mwalimu mwenyewe anakwambia hafiki kwa kila mtoto, lipia miaka hiyo mitatu, ukiwa umeshaweka kando karo ya kusi wakati wa kaskazi. Kisha mhamishe mwisho wa Gredi ya tatu kwa mpango, mwaka ukifungwa, wala usingoje kuhamishwa na deni.

Mimi sikuhitaji kufanya hivyo. Shule ya serikali ya karibu na kwetu ina mwalimu wa Gredi ya kwanza ambaye nilikaa nyuma ya darasa lake asubuhi moja, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na nikaona anawaita watoto kwa majina na kuwasikiliza wakisoma mmoja baada ya mwingine. Darasa limejaa, sikatai. Binti yangu ataenda kwa miguu kupitia vichochoro ambavyo kila mlango unajua yeye ni wa nani, na akichelewa nitaambiwa kabla hajafika.

Jingine ni saa. Mtoto wa Lamu ana shule mbili, na chuo cha Kurani hakisubiri. Baadhi ya akademi huwaweka watoto wadogo hadi saa kumi, kisha kuna kazi ya nyumbani, na alasiri yote imekwisha. Zipo shule za kibinafsi zinazochanganya dini na mtaala wa serikali kwenye ratiba moja, na nakiri hilo ndilo jambo pekee lililonitia tamaa ya kulipa. Mume wangu bado analitaja. Lakini mwalimu wa chuo chetu alinifundisha mimi na anamfundisha binti yangu sasa, na sioni sababu ya kumnyang'anya mwanafunzi.

Kuhusu Kiingereza nitasema kidogo, kwa sababu ndicho kinachouza. Sera ya nchi tangu 1976 ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili, ambacho mwana anakijua tangu kuzaliwa. Hiyo ni nafuu ambayo watoto wa sehemu nyingi za Kenya hawana. Akademi nyingi huitupa nafuu hiyo siku ya kwanza, na mzazi anafurahi kumsikia mtoto akiimba wimbo asioujua maana. Kiingereza kitakuja. Mtoto anayesoma kwa lugha anayoielewa huhamisha ujuzi ule ule kwenye lugha ya pili. Na sherehe za kuhitimu PP2 kwa joho na kofia, kwa malipo ya ziada, hizo sina la kusema. Picha zake ni nzuri.

Ukiamua kulipa, usimalize mazungumzo ofisini kwenye kiasi cha karo tu. Uliza kama inaweza kulipwa kidogo kidogo kuanzia Novemba, pesa zinapoingia. Uliza vitabu, safari na pesa za kuchapisha kazi za mradi kama zimo ndani ya karo au hulipwa kando, kwa maana mtaala wa sasa unampeleka mzazi saiba kila wiki. Uliza mwalimu wa Gredi ya kwanza amekaa hapo miaka mingapi. Na uliza, tena upate kwa maandishi, mtoto akiwa na salio wakati wa kuhama, barua ya uhamisho na ripoti zake zitatoka vipi. Hilo la mwisho wazazi huona haya kuliuliza siku ya kwanza, na ndilo linalowakamata siku ya kuondoka.