Cha juu mmetufundisha nyinyi wateja

Fundi yeyote wa mtaani hapa Dar keshaambiwa: "Kazi yenyewe dakika kumi, elfu kumi ya nini?"

Chukua choo kinachomwaga maji usiku kucha. Nafunua tenki, nakuta mchanga umeingia kwenye vali, boya linapanda lakini maji hayakati. Nafunga maji, nafungua vali, naisafisha, nairudisha. Choo kimenyamaza na hakuna kilichonunuliwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana mwenye nyumba haoni kitu kipya cha kulipia. Ningemwambia "hii imekufa, tununue nyingine", angetoa hela bila neno, na nauli ya bodaboda juu, nami ningejikatia changu, hicho cha juu, hukohuko dukani. Yaani msema kweli anaondoka na elfu tatu ya kubembeleza, mwenzake mwenye maneno anaondoka na ishirini.

Siwatetei wanaoishi kwa cha juu, ila najua kimetoka wapi. Hela ya ufundi inakatwa kila siku, basi wameihamishia kwenye bei ya koki.

Mimi sasa nataja bei mbili kabla sijafungua begi: ya kuja kuangalia na ya kazi. Vifaa nakuandikia, kanunue mwenyewe. Wapo wanaonuna. Hawajui kwamba masika simu zinaita mfululizo za paa kuvuja, na bati likilowa hupandi, huku kazi za rangi zimesimama. Siku hizo nazo tunataka kula, na hela yake inatoka kwenye bei hizo.

Kuna wanaosema dawa ni cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa sisi tuliojifunzia kazini: unapimwa, ukifaulu unapewa cheti. Jambo zuri, nendeni. Ila mteja wa kuniuliza cheti kabla ya "utapunguza ngapi?" bado sijamwona.

Na sisi tuna letu. Mtu anachukua kianzio asubuhi, mchana simu haipatikani, halafu akina fundi maiko hao, wababaishaji, wanatuchafulia wote. Kazi ya siku moja sichukui kianzio. Ya wiki nachukua nusu, na tunaandikiana kwenye karatasi, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wangu. Hasa akiwa mjomba.