Benki ya chakula ndani ya bustani ya umma: gharama inamwangukia nani?

Pendekezo la kumega bustani ya umma ili benki ya chakula, yaani kituo kinachokusanya chakula cha ziada na kuwagawia wenye uhitaji, ipanuliwe likifika mezani, wanaolipinga huwa wameshahukumiwa kabla hawajafungua kinywa. Huambiwa wanajali nyasi kuliko wenye njaa. Naiona hukumu hiyo si ya haki, ingawa hoja ya wanaoomba upanuzi ina uzito ninaouheshimu.

Uzito huo uko kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia chakula. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilikadiria kuwa mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea kwenye maduka, migahawa na majumbani. Miongoni mwa kinachoweza kuokolewa hapo ni maziwa na mboga zilizobakiza siku moja au mbili, na zisipopata ubaridi leo, kesho ni taka. Benki isiyo na nafasi hulazimika kukataa mzigo mzuri mlangoni huku foleni nje ikirefuka. Nalo ghala la bei nafuu nje ya mji halimfai mama anayekuja kwa miguu, mtoto mgongoni na mfuko mzito mkononi. Bustani iko karibu tena iko wazi. Naelewa kwa nini inatamaniwa.

Lakini bustani ina watu wake, na tukiwatazama vizuri, wengi ni walewale wa kwenye foleni. Mwenye ua nyumbani kwake anaweza kuishi bila bustani. Anayepanga foleni asubuhi, akiwa anaishi chumba kimoja na watoto watatu, jioni hana pengine pa kuwapeleka wakimbie. Ukimpa chakula kwa kumnyang'anya uwanja, umemlipisha yeye gharama ya msaada wake mwenyewe, na mwenye ua hajachangia hata hatua moja ya ardhi.

Husemwa: tunachukua kona tu, hakuna mti utakaokatwa. Mizizi mingi ya mti hulala karibu na uso wa ardhi na huenea kupita kivuli chake. Malori yakipita juu yake kila siku, udongo hushindiliwa, maji na hewa havipenyi, na mti huanza kukauka polepole. Miaka kadhaa baadaye utakatwa kwa sababu za usalama, na hapo hakuna atakayekumbuka ile ahadi ya kona.

Wangari Maathai alipopinga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, mwaka 1989, ilikuwa rahisi kuona nani anamega mali ya umma. Hapa anayeomba ni mtu mwema, na ndiyo maana kukataa kunauma. Ila baada yake atakuja mwenye zahanati, kisha mwenye shule ya chekechea, wote wema, na kila mmoja ataonyesha kipande alichopewa mwenzake. Wala tusidanganyane na neno "kwa muda": benki ya chakula iliyoanzishwa na John van Hengel kule Phoenix, Marekani, mwaka 1967 ipo hadi leo, kwa sababu njaa nayo ipo.

Marekani ina sheria ya mwaka 1965 inayonivutia. Bustani iliyopata fedha za mfuko wa taifa wa hifadhi ya ardhi na maji haibadilishwi matumizi mpaka itolewe ardhi nyingine ya thamani isiyopungua hiyo, yenye manufaa na mahali panapolingana. Neno "mahali" ndilo linalobeba kila kitu. Kiwanja cha bei ileile upande wa pili wa mji hakimsaidii mtoto anayetembea. Kwa sharti hilo, na kiwanja kipya kikifunguliwa kabla jembe halijagusa bustani, ningeunga mkono upanuzi. Ila kiwanja cha namna hiyo kikipatikana kweli, kando ya barabara na karibu na foleni, sioni sababu ya ghala kutojengwa hapohapo.